Dalili nazijua zote, lakini nikiulizwa "kwa nini" nanyamaza

BARUA

Asalaam aleikum Daktari,

Mimi ni msichana wa Bombo, niko mwaka wa mwisho wa udaktari katika chuo kimoja mashariki mwa Uganda. Nyumbani kwetu tunazungumza Kinubi na Kiswahili, na safu yako naisoma pamoja na mama yangu, ambaye hupenda sana majibu yako kuhusu presha. Leo naandika kwa ajili yangu mwenyewe.

Mwezi uliopita tulifanya mtihani wa majaribio wa kesi fupi. Nilipelekwa kwa mgonjwa wa makamo, mvuvi wa Namayingo, nikaambiwa nipime tumbo. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikapapasa taratibu kama tulivyofundishwa, nikakuta bandama imekuwa kubwa hadi karibu na kitovu. Nilisema hivyo, na mtahini akakubali kwa kichwa. Nikaanza kutaja sababu: sirosisi (ini kujaa makovu), malaria ya muda mrefu, kichocho, saratani za damu. Akaniuliza, "Ukisema sirosisi, mbona hana vijishipa vya buibui kifuani? Mbona macho yake ni meupe?" Nikanyamaza. Akauliza tena kwa upole, "Basi niambie, bandama imefikaje kuwa kubwa hivi?" Nikarudia orodha ileile. Kengele ikalia, nikatoka.

Kinachoniuma ni kwamba nasoma, Daktari. Nina daftari zima la orodha: sababu za bandama kubwa, sababu za vidole kuvimba ncha, sababu za maji tumboni. Wenzangu na mimi hufanya maswali ya kuchagua jibu kwenye simu, yale yaliyotungwa Uingereza na Marekani, na napata alama nzuri tu. Nikifika wodini yote yanayeyuka.

Kuna na jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Wodini tunakuwa wengi kitanda kimoja, na wagonjwa wengi wanazungumza Lusoga, Lusamia au Ateso, mimi Luganda yangu ni ya sokoni. Naona haya kumsumbua mgonjwa aliyekwisha kupapaswa na watu wengine. Basi mara nyingine mwenzangu akisema amesikia mvumo wa moyo, ile sauti ya ziada kati ya mapigo, na mimi nasema nimesikia, hali sikusikia kitu.

Mtihani wa mwisho ni mwezi ujao. Rafiki yangu ananishauri niachane na fiziolojia sasa, nimeze orodha tu, kwani muda umekwisha. Je, ni kweli? Na yule mtahini, nimfuate nimwombe anieleze, au ataona najipendekeza?

Wako mtiifu,
Binti wa Bombo


JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Msalimie sana mama.

Usiache fiziolojia. Rafiki yako anakutakia mema, lakini orodha ndizo zilizokunyamazisha mbele ya yule mvuvi, na ukiziongeza utanyamaza zaidi. Mtahini hakukuuliza jambo la ajabu. Alitaka umsimulie ugonjwa umepita wapi ndani ya mwili mpaka wewe ukagusa ulichokigusa kwa nje. Anayeijua njia hiyo hahitaji kubeba dalili ishirini kichwani, maana moja humvuta mwenzake. Tena anajua na zile ambazo hazipaswi kuwapo, na hapo ndipo alama nyingi za kesi fupi zilipo.

Tumchukue mgonjwa wako huyohuyo. Ni kesi nzuri kuliko unavyodhani, na nchini kwetu utakutana nayo tena na tena, iwe Ziwa Victoria au Ziwa Albert.

Mvuvi huingia majini karibu kila siku. Konokono wa maji baridi wa jamii ya Biomphalaria hutoa vibuu vya kichocho, navyo hupenya ngozi ya mtu. Wakishakomaa, minyoo hao, Schistosoma mansoni, hukaa kwenye vena ndogo zinazotoka kwenye utumbo, na jike hutaga mayai humo. Baadhi ya mayai hutoka na choo. Mengine husombwa na damu kwenda kwenye ini kupitia vena ya porta, mshipa mkubwa unaoipeleka damu ya utumbo na bandama kwenye ini. Simama hapo kidogo, maana kila kitu kinategemea mahali yai linapokwama. Ni kubwa mno kupita kwenye vimishipa vya mwisho vya porta, kwa hiyo linanasa kabla damu haijazifikia seli za ini zenyewe. Mwili unalizingira, kovu linajengeka kuzunguka matawi ya porta, na kwa miaka mingi njia inazidi kuwa nyembamba.

Damu inayotoka kwenye utumbo na bandama sasa inarundikana nyuma ya kizuizi, presha inapanda. Bandama humwaga damu yake kwenye mkondo huohuo, kwa hiyo inajaa na kukua. Bandama iliyokua hivyo hushikilia chembe za damu na kuziharibu, ndiyo maana kipimo cha damu kitakuonyesha chembe zote zimepungua, hasa zile za kugandisha. Damu iliyozuiliwa hutafuta vichochoro, na kichochoro cha hatari ni vena za sehemu ya chini ya umio. Zinavimba, ukuta wake unakonda, na siku zikipasuka mgonjwa anatapika damu. Ungemuuliza yule mvuvi kama amewahi kutapika damu au kupata choo cheusi, huenda angekusimulia kesi nzima kwa mdomo wake.

Sasa tazama kisichoharibika. Seli za ini ziko upande wa pili wa kizuizi, na kwa muda mrefu zinaendelea na kazi. Zinatengeneza albumini, protini inayozuia maji yasivuje kutoka kwenye damu, na protini za kugandisha damu, zinashughulikia bilirubini, ile rangi inayoleta manjano, na zinaivunja homoni ya estrojeni. Vijishipa vya buibui, viganja vyekundu na matiti kukua kwa mwanamume huhusishwa na estrojeni inayobaki mwilini pale seli za ini zinaposhindwa kuiondoa. Kwa mvuvi wako hazijashindwa. Ndiyo maana kifua chake ni safi na macho yake ni meupe. Jibu lote ungelimaliza kwa pumzi moja: kizuizi kiko kabla ya seli za ini, kwa hiyo presha ya porta imepanda lakini kazi ya ini haijaporomoka. Kwenye sirosisi vyote viwili huenda pamoja, kwa sababu seli zenyewe zimekufa na kovu limechukua nafasi yao.

Mtahini mzuri angekusukuma hatua moja zaidi: na kama angekuwa na manjano? Usitetereke. Mtu anaweza kuwa na kichocho na hepatitisi B kwa pamoja, au akawa mnywaji, au kichocho chenyewe kikawa kimefika mbali na ametokwa na damu mara nyingi hadi ini likadhoofika. Sema hivyo. Kusema "nilichokiona kinaelekea huku, ila hiki kimoja kinanifanya nifikirie na lile" ni kauli ya daktari, na mtahini anaijua akiisikia.

Nimekaa sana kwenye bandama kwa sababu ndiyo iliyokuumiza. Ila kuna jambo la tumbo ambalo naona wanafunzi wengi wanalikosa, na mimi nalichukulia kwa uzito kuliko bandama yenyewe. Ukimkuta mgonjwa amejaa maji tumboni, kabla hujasema neno ini, tazama shingo.

Maji tumboni yana njia kadhaa. Presha ya porta ikiwa juu na albumini ikishuka, maji huvuja, na hiyo ndiyo sirosisi. Hapo vena za shingo kwa kawaida hazijapanda, kwa sababu moyo hauna kosa. Figo zikivujisha protini, albumini hushuka na mwili mzima huvimba, uso ukitangulia asubuhi. Shingo nayo ni tulivu. Kifua kikuu cha utando wa tumbo huleta maji kwa uvimbe wa utando wenyewe, pamoja na homa na kukonda. Lakini kama kizuizi kiko kwenye moyo, damu inarudi nyuma kila mahali: ini linajaa na kuuma, tumbo linajaa, na vena za shingo zinasimama. Na huku kwetu moyo unaofungwa hivyo si jambo geni wodini. Kifua kikuu kinaweza kuufunika mfuko wa moyo kwa kovu gumu hadi moyo ushindwe kutanuka. Kuna pia faibrosisi ya endomaiokadia, ambayo J. N. P. Davies aliieleza mwaka 1948 kutokana na wagonjwa wa hapahapa Uganda. Kovu lake liko ndani ya vyumba vya moyo, halafu mgonjwa anakuja na tumbo kubwa sana lakini miguu haijavimba kwa kiasi cha tumbo lile. Mwanafunzi anayekimbilia ini anaweza kumhukumu kijana wa namna hiyo kuwa mlevi wakati hajawahi kuonja pombe.

Na ukitazama shingo, tazama kwa akili. Mlaze mgonjwa kwa pembe ya nyuzi 45, kichwa kimeegemea mto, mwanga utoke pembeni. Usipoona kitu, usiseme haraka kwamba presha iko chini. Wakati mwingine iko juu mno hata kilele chake kimejificha nyuma ya sikio, na ukimketisha wima ndipo unakiona kikicheza chini ya taya. Kisha mwambie avute pumzi. Kwa mtu mzima wa afya, kuvuta pumzi hushusha presha ndani ya kifua, damu inavutwa kuingia moyoni, na vena za shingo zinashuka. Moyo uliobanwa na kovu hauna nafasi ya kuipokea damu ile ya ziada, kwa hiyo shingo inapanda wakati ingepaswa kushuka. Hiyo ndiyo ishara ya Kussmaul. Umeona kwamba hukuhitaji kuikariri? Ukijua pumzi hufanya nini, ishara inajieleza.

Mapafuni sitakaa sana, kwa kuwa kanuni ni moja. Sauti hupita vizuri kwenye pafu lililogeuka gumu kuliko kwenye pafu lililojaa hewa. Pafu la nimonia limejaa usaha na limeungana na bomba la hewa lililo wazi, ndiyo maana unasikia pumzi kali ya bomba, na mgonjwa akihesabu moja, mbili, tatu, sauti inakufikia kwa nguvu. Maji yaliyokaa kati ya pafu na ukuta wa kifua huirudisha sauti pale yanapokutana na pafu, kwa hiyo hapo ni kimya, na ukigonga kidole chako kinahisi kama kimegonga jiwe. Yakiwa mengi husukuma koo la hewa upande wa pili. Pafu lililosinyaa hulivuta upande wake. Hapo umemaliza nusu ya kesi fupi za kifua.

Kuna ugonjwa mmoja ambao kukosekana kwa dalili kunaweza kumuua mgonjwa kama daktari haelewi sababu yake, nao ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi. Kitabuni umesoma shingo kukakamaa. Shingo hukakamaa kwa sababu utando wa ubongo umewaka, na ili uwake lazima kinga ya mwili ije kupigana. Mgonjwa mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana hana jeshi la kutuma. Shingo yake inaweza kuwa laini kabisa huku kichwa kikimpasuka. Kinachomwangamiza ni presha: fangasi na utando wake wa sukari huziba njia ambazo maji ya ubongo hutokea, presha ya kichwani inapanda, anatapika, macho yanafifia, na neva ya sita, yenye safari ndefu kwenye sakafu ya fuvu, inabanwa hadi jicho linageukia ndani na anaona vitu viwili viwili. Anayeijua njia hiyo anajua pia kwa nini kutoa maji ya uti kwa sindano, baada ya kuhakikisha ni salama kufanya hivyo, ni sehemu ya matibabu na si kipimo tu. Basi usiandike kamwe "shingo laini, si homa ya uti" kwa mgonjwa wa VVU mwenye kichwa kinachouma kwa siku nyingi.

Umeuliza kuhusu maswali ya kwenye simu. Endelea nayo kwa kiasi, yanakupima kumbukumbu. Ila mtungaji wake alikuwa na wagonjwa wake machoni. Akikuandikia mwanamume mwenye maji tumboni, mara nyingi amekusudia pombe. Akikuandikia mama mjamzito anayeishiwa pumzi, huenda amekusudia damu iliyoganda mapafuni. Kwetu, mama mwenye ujauzito wa miezi sita anayeshindwa kulala chali usiku anaweza kuwa na vali ya mitrali, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliyobana kwa homa ya rumatiki aliyoipata utotoni bila mtu kujua. Fikiria kinachotokea. Ujauzito huongeza ujazo wa damu karibu nusu na moyo unakwenda mbio. Moyo ukienda mbio, muda wa kupumzika kati ya pigo na pigo unafupika, na ni katika muda huo ndipo damu hupita kwenye ile vali nyembamba. Damu inabaki kwenye atriamu ya kushoto, chumba cha juu kinachopokea damu ya mapafu, presha inarudi mapafuni, maji yanajaa. Mwanamke aliyeishi vizuri na vali yake kwa miaka anazidiwa kwa majuma machache. Hapo hata sauti zinakuwa na maana: mlio wa vali inapofunguka ukiwa karibu sana na sauti ya pili ya moyo, jua kubana ni kukali, kwa sababu presha ya atriamu imekuwa juu kiasi cha kuisukuma vali ifunguke mapema. Maelezo ya namna hii huyapati kwa kuchagua A, B au C.

Tena sisi si watu wa kuazima kesi za wengine. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na daktari mwenzake Hugh Trowell pale hospitali ya Mulago, Kampala, amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda mfupi baadaye akamwona mtoto mwingine Jinja, ana taya zilizovimba na pia uvimbe tumboni. Uvimbe wa taya ulikuwa ukihesabiwa ugonjwa wake na uvimbe wa tumbo ugonjwa wake. Yeye akauliza kwa nini viwili hivi viko kwa mtoto mmoja, akaandika kuhusu saratani hiyo mwaka 1958, na mwaka 1964 ndani ya seli za uvimbe huo zilizooteshwa maabara kukaonekana kirusi kinachoitwa sasa Epstein-Barr. Swali alilokuuliza mtahini wako ni la ukoo huohuo.

Sasa usome vipi katika muda uliobaki? Lile daftari la orodha lifunge. Chagua magonjwa kama ishirini ambayo wodi yenu huwa nayo daima: kushindwa kwa moyo, moyo wa rumatiki, nimonia, maji kifuani, kifua kikuu na matatizo yake, sirosisi, kichocho, kiharusi, miguu kupooza kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, selimundu, kisukari, figo, na mengine utakayoona. Kwa kila moja chukua karatasi tupu, kitabu kikiwa kimefungwa, uandike kutoka chanzo hadi kwenye ngozi: nini kimeharibika kwanza, kikaharibu nini, mgonjwa atalalamika nini, mkono wako utakuta nini. Chini yake andika mambo mawili au matatu ambayo hayapaswi kuwapo, na sababu. Ukikwama fungua kitabu mahali pale tu ulipokwama, kisha kifunge. Karatasi hiyo itupe. Baada ya siku kadhaa iandike tena upya, ukiwa umeichanganya na magonjwa mengine, maana mtahini hatakuuliza moyo wiki nzima halafu ndipo aje kwenye mapafu. Utaudhika siku za mwanzo kwa sababu utajiona hujui. Kujisomea daftari kunakupa raha ya kutambua, ambayo haikusaidii kengele ikilia. Kinachosaidia ni kukitoa kichwani bila kuonyeshwa.

Mitego mingine utaigundua kwa kuandika hivyo. Mtu mzima mwenye selimundu ya SS, yaani aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, kwa mfano, mara nyingi bandama yake imekwisha kufa na kusinyaa kwa kuzibwa damu mara nyingi tangu utotoni, kwa hiyo ukiikuta kubwa jiulize mara mbili. Mwenye manjano kwa sababu damu yake inavunjika, mkojo wake hauchafuki na bilirubini, kwani ile ambayo haijapita kwenye ini imeshikamana na albumini na figo haiwezi kuichuja. Aliyezibwa njia ya nyongo mkojo wake ni kama chai ya rangi na choo chake kimepauka.

Kisha jisomeeni watatu, si kumi. Mmoja anapima, mmoja ni mtahini, mmoja ni mgonjwa na anashika saa. Pimaneni ninyi wenyewe mkiwa wazima hadi mikono ijue tumbo la kawaida na moyo wa kawaida vinavyokuwa. Asiyejua la kawaida hawezi kulitambua la ugonjwa. Mtahini ana neno moja tu analoruhusiwa: kwa nini. Mtihani utafanywa kwa Kiingereza, ndiyo, lakini ukirudi Bombo mwishoni mwa juma mweleze mama kwa Kinubi au Kiswahili kwa nini mtu wa moyo anaamka usiku akitafuta hewa. Yeye ana presha, jambo hili linamhusu, na atakuuliza maswali ambayo hata mtahini hatayafikiria. Ukifika mahali ambapo huwezi kusonga bila kutumia istilahi, hapo ndipo hujaelewa bado.

Nimeliacha hili la mvumo hadi sasa kwa sababu ndilo lililonishtua katika barua yako, na nakuomba ulisikilize. Usiseme tena umesikia kitu ambacho hukusikia. Mwaka ujao, inshallah, utakuwa intani, daktari wa mafunzo ya kazi, uko peke yako wodini saa nane za usiku, na utakachoandika kwenye faili ndicho muuguzi atakachokifanyia kazi. Mkono unaojizoesha kuandika dalili za kusingizia unaandika hivyo hata pale uhai wa mtu unapotegemea. Mwenzako akisema amesikia, mwambie, "Nionyeshe mahali." Mgeuze mgonjwa alalie ubavu wa kushoto, weka upande wa kengele wa stetoskopu kwa wepesi kwenye ncha ya moyo, mwambie atoe pumzi na aizuie kidogo, shika mshipa wa shingo kwa kidole ujue pigo liko wapi. Bado husikii? Sema, "Sikusikia mvumo." Mtahini anaweza kukupunguzia alama moja kwa kukosa kuusikia, lakini akigundua umetunga hatakuamini kwa lolote utakalosema baada ya hapo. Na kuna vituo ambavyo mgonjwa huwekwa akiwa mzima kabisa, ili waone nani atatunga.

Ile haya unayoiona mbele ya wagonjwa ni haya nzuri, usiipoteze. Ila isikuzuie. Nenda wodini mchana kumetulia, wewe na mwenzako mmoja, si kundi. Msalimie mgonjwa kwanza, mwambie wewe ni mwanafunzi, omba ruhusa, na akikataa mshukuru uende kwa mwingine. Vuta pazia. Pasha mikono joto, uliza panauma wapi ili paje mwisho, na unapopapasa tazama uso wake na si tumbo. Mwombe muuguzi au anayemuuguza akufundishe namna ya kusema kwa lugha yao vuta pumzi, kohoa, geuka, inauma? Maneno hayo machache utayajua kwa siku moja, nao watakufurahia hata ukiyatamka vibaya. Yule aliyekwisha kupapaswa na watu watano leo mwache alale. Ukimaliza mfunike, mwambie asante, na kama amekuuliza jambo kuhusu ugonjwa wake usiondoke bila kumtafuta daktari wake ili amjibu.

Mtahini wako mfuate. Aliyekuuliza mara mbili, na mara ya pili kwa upole, alikuwa anakutafutia njia ya kuingia. Nenda asubuhi kabla ya raundi, usizungumzie alama. Chukua karatasi yako, ichore safari ya yai la kichocho kutoka kwenye utumbo hadi kwenye bandama, mwonyeshe, umwambie, "Daktari, hili ndilo nililoshindwa kusema siku ile. Je, nimekosea wapi?" Halafu mwombe akuruhusu ukampime tena yule mvuvi kama bado yuko wodini, na safari hii muulize kama amewahi kutapika damu.